Neno Ambalo Hakuna Anayelitamka

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, Sabra binti Mwinshehe aliweka kiganja juu ya kasha la kompyuta yake mpya akakuta lina joto. Waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, umezungushwa na kufungwa kama alivyouacha jana yake jioni. Alikiondoa kiganja, akakipangusa kwenye kanga, akakirudisha. Joto lilikuwa palepale. Halikuwa joto la chuma kilichopigwa na jua, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zimeifunika milima yote ya Uluguru tangu Jumapili. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya gome bichi la mdalasini, harufu nzuri wanayoijua watu wa Matombo, kwao Sabra huko mlimani, majira ya kuchuna. Lakini mtu akivuta pumzi ya pili, chini ya uzuri ule palikuwa na kitu kilichooza.

"Mama," aliita, "umeanika mdalasini humu ndani?"

"Mdalasini niutoe wapi mie?" alijibu Bi Mwanvita kutoka barazani. "Hapa pana mchele na nazi tu. Vitumbua! Moto hivi! Moto hivi!"

Nyumba yao ilikuwa Mji Mpya, hapo hapo Morogoro mjini. Chumba cha mbele Sabra alikifanya steshenari, akawa anachapa barua za maombi ya kazi, kutoa nakala, na kupanga tafiti za wanafunzi wa Mzumbe. Barazani mama yake alikaanga vitumbua. Sauti ya Bi Mwanvita ilikuwa mali ya mtaa mzima: ilipanda juu ya pikipiki na redio, na hakuna arusi iliyokamilika bila kigelegele chake. Mwalimu Shadia wa madrasa ya jirani, ambaye naye alisifika kwa kaswida, alipenda kumtania: "Bi Mwanvita, ukiniachia urithi, usiniachie karai. Niachie hilo koo." Na Bi Mwanvita humjibu, "Koo langu ni la Sabra. Wewe chukua moshi."

Kompyuta yenyewe ilikuwa imenunuliwa Jumanne, tarehe 8, katika duka la Bwana Girish kule madukani, baada ya ile ya zamani kuzimika moja kwa moja. Aliyemwandalia ni fundi wa duka, Andrea, kijana mpole wa kwaya, ambaye hakuweza kufungua hata parafujo moja bila kuimba. Andrea ndiye aliyemwambia achague neno la siri la kuifungulia.

"Usiweke jina la mtoto, dada. Usiweke tarehe ya kuzaliwa, watu huotea. Weka neno ambalo hakuna mtu hapa duniani anayelitamka."

Sabra alifikiri, na neno likaja lenyewe, kana kwamba lilikuwa limesimama mlangoni likisubiri kuulizwa.

Alilijua tangu utotoni. Siku moja kule Matombo, penye chemchemi ya kwao, mama yake alimshika bega akamnong'oneza kwamba ndani ya maji yale anakaa jini asiye na kinywa, na kwamba lukolo lao, yaani ukoo wa upande wa mama, umemtuliza miaka yote kwa njia moja tu: kutomwita. Mtoto aliuliza, nitajuaje nisimwite, nami silijui jina lake? Bi Mwanvita alitazama huku na huku, akalitamka mara moja sikioni mwake, ili ajue ni neno gani asilitamke kamwe. Jina hilo halitaandikwa hapa.

Sabra aliliandika pale dukani kwa vidole vyake, herufi kwa herufi, akaona fahari. Neno gani lingekuwa salama kuliko hilo?

*

Joto na harufu vilizoeleka upesi. Lililomshinda ni pumzi. Kila asubuhi alipomaliza kuandika neno la siri, feni ya kompyuta haikuanza kuvuma kama feni nyingine. Ilivuta. Ilivuta hewa ndani taratibu, kwa kina, kama mtu aliyejiandaa kusema jambo zito, kisha ikanyamaza, na kimya kile kikabaki kimekaa chumbani kama mgeni aliyekatishwa maneno. Wateja walianza kugeuka. Mwanafunzi mmoja alisahau karatasi zake mezani akatoka, na hakurudi kuzichukua.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili, Sabra alilipakia kasha kwenye bajaji akalirudisha dukani.

"Karibu, dada Sabra," alisema Girish, mtu mnene wa mizaha aliyezaliwa mji huo huo na baba yake pia. "Umetuletea mgonjwa? Anaumwa nini?"

"Inapumua."

"Inapumua?" Girish alimgeukia fundi wake. "Andrea, umesikia? Inapumua. Ingekuwa haipumui ndiyo ningemwita daktari!"

Andrea alicheka, lakini alilipokea kasha kwa mikono miwili. Sabra alikinga kibodi kwa upindo wa kanga akaliandika neno mwenyewe. Kompyuta ilifunguka kwa adabu, kama mtoto mtundu mbele ya wageni; feni ilivuma kama feni. Andrea aliifungua, akaipuliza vumbi lisilokuwamo, akaiacha ikifanya kazi hadi alasiri huku akiimba, na haikukosea kitu.

"Ni nzima, dada. Huenda ni umeme wa kwenu."

"Basi nibadilishieni. Au nirudishieni pesa yangu."

"Dada yangu," alisema Girish, "boksi limekwisha funguliwa. Dhamana niliyokupa ni ya kutengeneza, na hapa hapana cha kutengeneza. Ikiharibika kweli, ilete. Nitaibadilisha bila maneno."

Andrea alimbebea kasha hadi kwenye bajaji, akampa namba yake ya simu. "Ikianza tena nipigie, hata siku ya sikukuu. Nitakuja mwenyewe."

Ilianza tena asubuhi iliyofuata, na safari hii haikuishia kwenye pumzi. Bi Mwanvita, huko barazani, aliita, "Moto hi," akakwama. Aliguna, akajaribu upya, na mwisho wa neno ukapotea tena, kama kwamba mtu ameukata kwa mkasi. Watoto walicheka wakaanza kumwiga. Alisingizia mvua, Sabra naye alisingizia moshi. Alimchemshia tangawizi, akamkandia kifua, na kila kulipokucha aliketi kwenye kiti chake, akaliandika neno, akaisikia ile pumzi, na kila ilipovutwa ndani, sauti ya barazani ilipungua kidogo. Sabra aliona kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Aliona, akafungua barua iliyofuata akachapa, kwa sababu wateja walikuwa wakingoja.

Aliirudisha dukani mara ya pili baada ya Pasaka, na mara ya pili ikajifanya malaika. Girish hakutania tena. Alimwonyesha mlango kwa heshima.

Jumatano, tarehe 23 Aprili, muda mfupi baada ya adhana ya adhuhuri, wakati mtaa umetulia na hata kuku wamejibanza kuepa mvua, Bi Mwanvita aliingia chumba cha mbele akiwa ameshika koo lake kwa mikono yote miwili. Midomo yake ilikwenda, ulimi wake ulikwenda, mishipa ya shingo ilisimama. Hakikutoka hata kikohozi. Sabra aliinuka amshike, na hapo nyuma yake, kwenye spika ndogo ambazo alikuwa amezizima kwa mkono wake mwenyewe na ambazo taa yake nyekundu ilikuwa imefifia, kitu kilivuta pumzi ndefu kuliko zote zilizotangulia, ndefu kiasi kwamba karatasi zilizokuwa mezani ziliinua pembe zake na kuelekea kwenye kasha, na harufu ya mdalasini ikajaa chumba hadi ikawa haiwezekani kujua kama ni harufu au ni ladha, kisha, kwa sauti ya Bi Mwanvita, ile ile ya baraza na ya arusi, lakini polepole, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenzake mbele ya kioo, kikasema:

"Moto. Moto hi. Moto hivi."

Kikacheka. Mama yake hakuwahi kucheka hivyo.

"Sabra," kikasema. "Mwanangu. Nimepata."

Sabra aling'oa waya ukutani. Sauti iliendelea. Alilifunika kasha kwa shuka, akaweka mto juu yake, na chini ya mto sauti ya mama yake iliimba nyimbo za kumbembelezea mtoto, ikikosea maneno kwa makusudi, ikitia mahali pa jina la mtoto neno "nyama". Na mama yake mwenyewe, aliyeziimba nyimbo zile zamani, alikuwa ameketi sakafuni akisikiliza, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, kinywa wazi.

*

Mjomba Mwinjuma, kaka yake Bi Mwanvita, alishuka kutoka Matombo Jumapili, tarehe 27, juu ya lori la ndizi, akiwa na utomvu mweusi mikononi na mfuko wa ubani kwapani. Ndiye aliyekuwa mtunza chemchemi ya ukoo. Alifika hadi kizingitini, pua zake zikapanuka, akakataa kuingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alinong'ona, na macho yake hayakumtazama mpwa wake; yalitazama shuka. "Nani kamwita?"

"Hakuna aliyemwita, mjomba."

"Sabra."

"Wallahi sijatamka! Nimeandika tu. Ni neno la siri la kompyuta."

"La siri kwa nani?"

Mjomba hakungoja jibu.

"Mara moja?"

"Kila asubuhi."

Mzee Mwinjuma aliketi kwenye kigoda cha vitumbua. Akaeleza kwa sauti ya chini sana, kwa kuwa shuka nalo lilikuwa limetulia likisikiliza.

"Akiitwa kwa kinywa, hukaa katika kinywa hicho. Wewe umemwita kwa vidole. Vidole havina sauti ya kumpa, basi akatafuta kinywa cha mwenyeji wa nyumba alimoitwa, kilichowahi kumtaja." Alimtazama dada yake. "Ulimtajia mtoto."

Bi Mwanvita aliinamisha kichwa.

"Nitalibadilisha neno, mjomba. Niweke jingine."

"Badilisha."

"Lakini mashine haikubali kubadilisha mpaka kwanza niandike lile la zamani."

"Basi utakuwa umemwita tena." Alifungua mfuko wa ubani, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Njia iko moja. Aliyemwita ndiye amrudishe. Ulitamke mwenyewe, kwa kinywa chako. Atamwacha mama yako akuingie wewe. Twende naye mlimani, nimtoe penye maji. Nimewahi kuona babu akifanya."

"Na sauti yangu itarudi?"

"Yaweza kurudi. Ya yule aliyetolewa na babu haikurudi."

Bi Mwanvita alimshika kaka yake mkono kwa nguvu. Alionyesha koo lake, kisha akafungua kiganja na kukiweka kifuani pake: mwacheni hapa hapa, mimi nimeshaishi. Alirudia ishara hiyo, akimtazama binti yake kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuutazama. Sabra aliitazama mvua.

"Nipeni usiku mmoja nifikiri," alisema.

"Fikiri," alisema mjomba. "Ila usimpe mtu baki. Hatajua amebeba nini, na hatajua ampeleke wapi."

Aliondoka na lori la alasiri ili akatengeneze mahali penye chemchemi, akaahidi kuwangoja. Na chini ya shuka, mara tu lori lilipokunja kona, sauti ya Bi Mwanvita ikasema taratibu, "Usiku mmoja. Usiku mmoja. Kinywa chako kizuri, Sabra. Tutaona."

*

Jumatatu, tarehe 28 Aprili, duka la Girish lilipofunguliwa, Sabra alikuwa tayari mlangoni na kasha lake limefungwa kwa kanga mbili. Mwenye duka alikuwa bado anafungua makufuli. Andrea alilipokea huku akiimba wimbo wa Jumapili iliyopita.

"Pole, dada. Leo niachie hata wiki nzima. Nitalala nayo kama mgonjwa wangu."

"Nakuachia."

Alichana utepe wa karatasi kama wafanyavyo mafundi wote, akaubandika juu ya kasha, akachomoa kalamu iliyokuwa sikioni. "Neno la siri? Safari hii lazima unipe, maana nitaiwasha na kuizima mara nyingi."

Wakati huo Sabra angeweza kusema kwamba amelisahau. Angeweza kulichukua kasha akapanda nalo gari la Matombo. Alimtazama kijana yule, kofia yake ya kwaya iliyochomoza mfukoni, pete mpya ya ndoa kidoleni, akaona kwamba ni mtu mwema, na kwamba mtu mwema si vigumu kumwomba.

"Nitakutajia herufi moja moja," alisema.

Alizitaja. Kila baada ya herufi alifumba midomo yake barabara, ili herufi isishikane na mwenzake. Andrea aliandika kwa mwandiko mkubwa wa shule.

"Sasa lisome nisikie," alisema Sabra, "nijue kama umeliandika sawasawa."

Andrea alilisoma. Alilisoma kwa sauti safi ya kwaya, akaliona geni, akacheka, akalisoma mara ya pili akilivuta kama kiitikio. "Hili neno la wapi, dada? Lina utamu mdomoni."

"La kwetu milimani."

"Nitalifanya wim," alisema Andrea, akakohoa. Akajishika koo. Alitabasamu kuomba radhi, akajaribu tena, na kabla hajafumba kinywa, ndani ya kasha lililofungwa kanga, lisilo na waya wala spika, sauti safi ya kwaya ilimalizia:

"Wimbo."

Girish alidondosha makufuli. Alimtazama fundi wake aliyekuwa amefumbua kinywa kitupu, akalitazama kasha, na rangi ya uso wake ikawa ya unga. "Dada Sabra," alisema kwa kunong'ona, "tutakubadilishia. Naagiza mpya leo leo kutoka Dar. Nenda nyumbani. Tafadhali, nenda."

Akaenda. Hakugeuka, ingawa alisikia kiti cha fundi kikianguka. Alipofika kona ya mtaa wao alisimama, maana ilimfikia juu ya pikipiki na redio, imekwaruza kidogo lakini nzima:

"Vitumbua! Moto hivi! Moto hivi!"

Alikimbia tope lote lile. Walikumbatiana barazani, unga ukawapaka wote wawili.

*

Siku tatu nyumba ile ilikuwa nyumba ya furaha. Alhamisi, tarehe 1 Mei, Mwalimu Shadia alipita kununua vitumbua, akaketi kwenye ngazi.

"Mmesikia ya yule fundi wa kwa Girish? Mkristo yule mpole? Sauti imekatika kama redio iliyoishiwa betri. Mkewe, Mkristo wa watu, kampeleka mpaka kwa sheikh wetu asomewe. Nilikuwepo. Kijana anafumbua kinywa, machozi tu. Na mke ana mimba. Ungemwona, Sabra, ungelia."

"Maskini," alisema Sabra. "Labda ni mafua ya masika."

Shadia alipokwisha kuondoka, kitumbua kilichokuwa karaini kiliungua upande mmoja, na Bi Mwanvita hakukigeuza.

"Uliniambia mjomba wako alifukiza ubani akiwa huko huko, nikapona," alisema. "Yule kijana ulimpa neno lile?"

"Sikumpa neno, mama. Nilimpa herufi."

Bi Mwanvita alichukua kopo la maji akauzima moto. Moshi mweupe ukapanda baina yao. "Mimi nilikuwa nimekubali," alisema. "Nilikuonyesha kwa mkono kwamba nimekubali. Ukaenda kumchukulia mtoto wa mwenzio." Hakupaza sauti. "Jumatatu tunakwenda Matombo. Tutampitia Andrea twende naye. Na wewe utalitamka, Sabra, mbele ya kaka yangu, hata kama nitakufumbua meno kwa vidole vyangu hivi."

Jumatatu hiyo, tarehe 5 Mei, walikuwa wamekwisha funga mizigo, Bi Mwanvita yuko ndani akitafuta viatu, wakati Andrea alipotokea mlangoni mwenyewe. Mvua ilikuwa imemlowesha. Alikuwa amekonda, lakini alitabasamu, na mikononi alibeba boksi jipya amelivisha nailoni lisiingie maji. Aliinamisha kichwa kwa salamu asiyoweza kuitoa, akaingia, akalitoa kasha, akaunganisha waya, akaubonyeza umeme, yote kwa uangalifu wake uleule. Kisha akampa Sabra simu yake asome alichokwisha andika njiani:

"Dada, hii ni mpya kabisa, bosi ametimiza ahadi. Usiwe na wasiwasi kuhusu kazi zako. Ile ya zamani imevunjwa, lakini kwanza nilikuhamishia kila kitu. Hata neno la siri nimeliacha lilelile, usije ukasumbuka kukariri jingine."

Sabra aliinua macho. Andrea, akitaka kumfurahisha, alikuwa amekwisha andika. Kidole chake kilikuwa kinaondoka kwenye herufi ya mwisho.

"Sabra!" Bi Mwanvita alitokea chumba cha ndani, kiatu kimoja mkononi. "Usimwache awashe hiyo ma"

Feni ilivuta pumzi. Ilivuta mpaka pazia la mlangoni likaelekea ndani, na kilichobakia cha neno lile kikaenda pamoja na pazia.

Andrea alikohoa. Alikohoa tena, akashika meza. "Da," alisema. "Dada. Dada! Yesu wangu, sauti! Nasema! Unanisikia?" Alicheka na kulia kwa pamoja, akaimba mstari mmoja, akaukatiza mwenyewe kwa furaha. "Nyumba hii ina baraka, wallahi, hata kama mimi si Mwislamu! Niliingia bubu natoka nasema! Ngoja nimkimbilie mke wangu. Mama, niombee!" Akatoka mbio mvuani, akiimba, na sauti yake ikapungua kidogo kidogo hadi ikamezwa na mtaa.

Chumbani ikabaki harufu ya mdalasini.

"Moto hivi," kikasema kilicho ndani ya kasha jipya, kwa upole. "Tumerudi nyumbani. Mama mmoja, binti mmoja. Nani anatangulia?"

Bi Mwanvita hakulitazama kasha. Alimtazama binti yake. Aliweka kiatu chini, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kule ambako milima ilikuwa nyuma ya ukungu, kisha akagusa midomo ya Sabra kwa ncha ya kidole. Sema. Ni hapa tu. Sema, twende.

Sabra alifumbua kinywa. Neno lilikuwepo, limelala juu ya ulimi wake tayari, na kweli lilikuwa na utamu. Aliisikia sauti yake mwenyewe kooni, sauti ambayo hakuwahi kuifikiria hata siku moja, ya kuagizia chai, ya kumwambia mteja asante.

"Hodi! Hodi humu!"

Alikuwa Mwalimu Shadia, mwavuli unadondosha maji, daftari la kaswida kwapani. "Sabra, mwenzangu, niokoe. Watoto wana mashindano kesho Mikese, na nyimbo zao zote bado ziko kwa mwandiko wangu huu wa kuku. Nichapie, nami nitakulipa kwa wimbo." Alianza kuimba pale pale mlangoni, kwa mzaha, na hata mvua ilionekana kupunguza kishindo isikilize.

Ndani ya kasha, kitu kilitulia kabisa.

Sabra alifumba kinywa. Akameza.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Pita ndani."

Bi Mwanvita alijitupa mbele. Aliupiga mlango kwa viganja, akatikisa kichwa, akamshika Shadia bega akimvutia nje, midomo ikifumbuka na kufumbika bila kutoa hata upepo.

"Eh, bibi yetu ana nini leo?"

"Jino," alisema Sabra. Alimshika mama yake kiuno, kwa nguvu alizoficha chini ya upole, akamwingiza chumba cha ndani, akakomea. Viganja vikaendelea kugonga ubao. "Limemsumbua tangu asubuhi, hataki kuguswa. Nitampeleka hospitali tukimaliza. Mwalimu, nisaidie kwanza jambo moja. Macho yangu leo yana ukungu, siioni kibodi. Kaa hapa kwenye kiti changu uniandikie neno la siri. Nitakutajia herufi moja moja, kisha ulisome kwa sauti, tuhakikishe hatujakosea."

"Hilo tu?" Shadia alikunja mwavuli, akaketi, akajiweka sawa. Akacheka. "Kiti chako kina joto, Sabra."

Akaweka vidole juu ya kibodi.

"Haya. Taja."